Swali Lililobeba Jibu Lake: Utungaji wa Maswali kwa Kompyuta na Ufahamu wa Kiswahili

Makala haya yanahusu jambo ambalo hadi miaka michache iliyopita lilikuwa la wataalamu wa kompyuta peke yao, lakini ambalo sasa limeingia madarasani mwetu bila kupiga hodi: utungaji wa maswali unaofanywa na mashine kutokana na matini iliyoandikwa. Mtu huipa kompyuta kifungu cha habari, nayo humrudishia maswali, mara nyingi pamoja na majibu yake, kwa muda mfupi kuliko ule ambao mwalimu angeutumia kuchonga penseli. Nia yangu si kuusifu ufundi huu wala kuulaani. Nataka kuonyesha kwamba ulilelewa katika lugha ya Kiingereza. Kwamba unapoletwa katika Kiswahili unakutana na upatanisho wa ngeli, nao huibadilisha kazi nzima. Na kwamba badiliko hilo si la sarufi tu, bali linagusa kile hasa kinachomfanya mwanafunzi afaidike na swali.

Kilichonichochea kuandika ni karatasi moja. Mwaka jana mwalimu wa Kiswahili wa shule ya upili aliniletea maswali ya ufahamu ya kuchagua jibu, yaliyotungwa na programu ya kompyuta, akitaka nimwambie kama Kiswahili chake kilikuwa safi. Kilikuwa safi. Sikuona kosa la sarufi lenye uzito wowote. Lakini alikuwa amesahau kuniletea kifungu chenyewe, na alipokuwa amekwenda kukitafuta niligundua kwamba nilikuwa nimekwisha kuyajibu maswali mengi, tena kwa usahihi, bila ya kukisoma kifungu. Sikuwa nimebahatisha. Viambishi vya vitenzi ndivyo vilivyoniambia jibu.

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya istilahi. Baadhi ya wenzetu husema "uzalishaji wa maswali", wakifuata mkondo uleule uliotupatia "sarufi zalishi". Mimi nimechagua "utungaji", ijapokuwa najua kwamba kutunga kwahitaji nia ya mtungaji, nayo mashine haina nia. Nimelichagua kwa sababu mwalimu husema "kutunga maswali" na "kutunga mtihani", na sioni sababu ya kumpa neno geni kwa kazi anayoifanya kila muhula. Kuhusu "kompyuta" na "tarakilishi" sina ugomvi na mtu.

Asili ya ufundi huu

Wazo la kwamba swali laweza kumfunza msomaji, na si kumpima tu, ni la zamani kuliko programu yoyote. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Ernst Rothkopf alieleza jinsi maswali yanavyobadili namna mtu anavyosoma yanapopachikwa kati ya sehemu za matini. Maswali yakiwekwa baada ya sehemu iliyokwisha kusomwa, msomaji hukumbuka zaidi, hata mambo ambayo hakuulizwa, kwa kuwa amejifunza kusoma kama mtu atakayeulizwa.

Miaka kumi baadaye, yaani mwaka 1976, John H. Wolfe wa kituo cha utafiti wa wafanyakazi cha jeshi la majini la Marekani huko San Diego alieleza programu aliyoiita AUTOQUEST. Programu hiyo ilichukua sentensi moja moja ya Kiingereza, ikalinganisha umbo lake na vielezo ilivyokuwa imepewa, kisha ikaigeuza kuwa swali. Ningependa msomaji azingatie kusudi lake. Wolfe hakuwa akitafuta njia ya kutunga mitihani. Alitaka kumsaidia mtu anayejisomea peke yake, asiye na mwalimu wa kumwuliza. Kusudi hilo tumelisahau upesi sana.

Waliofuata walipanua ufundi huu kwa njia mbalimbali. Mwaka 2003 Ruslan Mitkov na Le An Ha wa Chuo Kikuu cha Wolverhampton, Uingereza, walionyesha jinsi kompyuta inavyoweza kutunga maswali ya kuchagua jibu na kutafuta vipotoshi, yaani majibu yasiyo sahihi lakini yanayoelekea kuwa sahihi, kwa kuchagua maneno yenye maana ya karibu katika kamusi ya kompyuta iitwayo WordNet. Mwaka 2010 Michael Heilman na Noah Smith walitoa mbinu ya kutunga maswali mengi kupita kiasi kwa kanuni za kugeuza sentensi, kisha kuyapanga kwa makadirio ya ubora ili yaliyo mabaya yaachwe chini. Wale waliosoma sarufi geuzi za miaka ya sitini watazitambua kanuni hizo mara moja: tenga kirai, weka neno la kuuliza mahali pake, lisogeze hadi mwanzo wa sentensi, kisha kipandishe kitenzi kisaidizi. Baadaye kanuni ziliachwa. Mwaka 2016 ilitolewa hazina ya SQuAD ya Chuo Kikuu cha Stanford, yenye maswali zaidi ya 100,000 yaliyoandikwa na watu juu ya makala za Wikipedia, na mwaka 2017 Xinya Du na wenzake wawili wakaonyesha kwamba mashine yaweza kujifunza kuuliza kutokana na hazina kama hiyo bila ya kuandikiwa kanuni hata moja. Tangu mwisho wa mwaka 2022, mifumo mikubwa ya lugha imeufikisha uwezo huu kwa yeyote mwenye simu ya kisasa.

Historia hiyo yote, isipokuwa kwenye kingo zake, ni historia ya Kiingereza.

Sentensi ya Kiswahili inapogeuzwa kuwa swali

Kwa mtazamo wa kwanza Kiswahili kingedhaniwa kuwa rahisi zaidi kwa mashine. Kiingereza hulazimisha neno la kuuliza lisogee mwanzoni na mpangilio wa kitenzi ubadilike. Kiswahili huliacha neno la kuuliza mahali palepale pa jibu: "Juma alinunua kitabu", "Juma alinunua nini?" Hakuna kilichosogezwa. Kwa hiyo kanuni moja ingetosha: ondoa nomino, weka "nini", "nani", "wapi" au "lini". Urahisi huu ndio mtego. Hebu tuchukue kifungu kifupi nilichokitunga kwa ajili ya makala haya:

Mwaka ule mvua ilichelewa. Bi. Saumu aliuza kinu chake, akasafiri kwa jahazi hadi Lamu kumtafuta kaka yake. Usiku fisi aliingia zizini, akaua mbuzi wawili. Kulipopambazuka majirani walikuta mlango wa zizi umevunjwa.

Tuitumie kanuni hiyo kwa mkono, kama ambavyo ingetumiwa na programu ya namna ya zamani:

(1) Bi. Saumu aliuza nini?
(2) Bi. Saumu alisafiri kwa nini?
(3) Nani aliingia zizini?
(4) Majirani walikuta nini umevunjwa?
(5) Mvua ilichelewa lini?

Swali la (1) halina kasoro. Swali la (2) linachekesha. Jibu lililokusudiwa ni "jahazi", lakini mwanafunzi yeyote atasoma "kwa nini" kama swali la sababu, na kujibu, kwa haki kabisa, "kumtafuta kaka yake". Kihusishi "kwa" hubeba maana ya chombo, ya namna na ya sababu, na kikikutana na "nini" katika maandishi maana ya sababu humeza nyingine zote. Mtunzi wa kibinadamu hukwepa shimo hili bila hata kujua kwamba amelikwepa: atauliza "alisafiri kwa chombo gani?" Na mashine yaweza kupata kwa bahati. Laiti kifungu kingesema kwamba mtu alikufa kwa kipindupindu, kanuni ileile ingeleta "Alikufa kwa nini?", nalo ni swali lililo sawa.

Swali la (3) lina tatizo la namna nyingine. "Fisi" ina umbo la nomino za I-ZI lakini upatanisho wake ni wa A-WA, kama ilivyo kwa wanyama wote. Mashine inayoangalia kiambishi "a-" itaweka "nani", na hapa "nani" haifai, twataka "Ni mnyama gani aliyeingia zizini?" Lakini tukihamia kwenye hadithi ya Sungura na Fisi, "nani" ndiyo sahihi, na "mnyama gani" ingeuvunja utamu wa hadithi. Kwa hiyo uamuzi hauwezi kufanywa kwa kuitazama nomino peke yake. Sharti utanzu wa matini ujulikane. Swali la (5) nalo linajibiwa na maneno "mwaka ule", na kwa hiyo halimwulizi mtu kitu chochote.

Nimeliacha swali la (4) makusudi hadi sasa, kwa kuwa ndilo kiini cha makala haya.

Kama lilivyo, swali la (4) si Kiswahili. "Nini" haipatani na "u-". Kuna njia mbili za kulirekebisha. Ya kwanza ni kutumia kiambishi "ki-", ambacho Kiswahili hutumia tunapotaja jambo lisilojulikana, yaani "kitu":

(6) Majirani walikuta nini kimevunjwa?

Njia ya pili ni kuuacha upatanisho wa jibu na kutumia mzizi wa "-pi":

(7) Majirani walikuta upi umevunjwa?

Sasa tuyape maswali haya majibu manne ya kuchagua, yote yakitoka katika kifungu: A. kinu, B. mlango, C. zizi, D. jahazi. Swali la (7) limekwisha kujijibu. Katika manne hayo ni "mlango" pekee uwezao kupatana na "upi umevunjwa". Mwanafunzi hana haja ya kujua kwamba kulikuwa na fisi. Na swali la (6)? Hili lina hatari kubwa zaidi, kwa sababu linapotosha. "Kimevunjwa" kinapatana na "kinu", na mwanafunzi hodari wa ngeli, yule hasa tunayemtaka, huvutwa kuelekea jibu la A. Sarufi ya swali ni sahihi, jibu katika mwongozo wa kusahihisha ni sahihi, na hata hivyo mwanafunzi amedanganywa.

Kiingereza hakina shida hii kwa kiasi hiki. Kitenzi chake hakitambui kama kilichovunjika ni mlango, kinu au jahazi. Mahali pachache ambapo Kiingereza huvujisha jibu, kama vile kati ya viambatisho vyake *a* na *an*, huonywa katika miongozo ya kutunga mitihani: swali lisimalizike kwa kiambatisho kinachofaa jibu moja tu. Onyo la namna hiyo kwa Kiswahili halingekuwa la mstari mmoja. Lingekuwa sura nzima. Kivumishi, kimilikishi, kionyeshi, kirejeshi, kiambishi cha mtenda na cha mtendwa, vyote hubeba alama ya ngeli ya jibu. Zoezi la kujaza mapengo, ambalo lina asili katika mbinu aliyoieleza Wilson Taylor mwaka 1953 kwa ajili ya kupima usomekaji wa matini za Kiingereza, hupata dosari ileile: "Majirani walikuta ______ wa zizi umevunjwa" limezungushiwa pengo hilo alama mbili za U-I.

Mbinu ya Mitkov na Ha ya kuchagua vipotoshi kwa ukaribu wa maana huzidisha tatizo. Maneno yaliyo karibu na "mlango" kwa maana ni "dirisha", "paa", "ukuta". "Dirisha" na "paa" ni za LI-YA, na hujiondoa zenyewe mbele ya "umevunjwa". "Ukuta" hubaki, kwa kuwa katika umoja U-ZI na U-I hufanana. Tukitaka vipotoshi vya ngeli moja tutapata "mtungi", "mkuki", "mtumbwi", ambavyo sarufi inavikubali lakini akili inavikataa. Ukaribu wa maana na ukaribu wa ngeli ni mambo mawili yasiyokwenda pamoja, na programu iliyofundishwa kutafuta la kwanza haijui kwamba la pili lipo.

Huenda msomaji akasema kwamba nazungumzia programu zilizokwisha kupitwa na wakati, na kwamba mifumo ya leo haiandiki "walikuta nini umevunjwa". Ni kweli kwamba kwa kawaida haiandiki hivyo. Karatasi niliyoletewa haikuwa na kosa kama hilo. Ndiyo maana nasema kwamba ufasaha wake ndio unaoificha kasoro. Swali la (7) si kosa la sarufi. Ni swali zuri la Kiswahili, na kwa kadiri mashine inavyoimudu sarufi yetu ndivyo inavyopatanisha viambishi kwa uaminifu zaidi, na ndivyo jibu linavyovuja zaidi.

Jitihada ya kukumbuka

Sasa tuulize: ubaya uko wapi? Mwanafunzi amepata jibu, amejizoeza ngeli. Kuna walimu watakaosema kwamba hiyo ni faida.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis walichapisha majaribio ambayo sasa yanajulikana sana. Wanafunzi walisoma vifungu vifupi vya habari. Baadhi yao walivisoma tena. Wengine, badala ya kusoma tena, waliandika yote waliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliokuwa wamejaribu kukumbuka walikumbuka asilimia 56 ya yaliyomo, na waliosoma tena asilimia 42. Mara nyingi majaribio haya hutajwa kama ushahidi kwamba "maswali husaidia". Lakini tukiyaangalia vizuri, wanafunzi wale hawakuulizwa maswali kuhusu kifungu. Walipewa karatasi tupu. Kilichowafaa ni ile kazi ya kuchota kutoka akilini kitu ambacho hakikuwapo mbele ya macho.

Hapo ndipo upatanisho wa ngeli unapoingia. Swali likibeba alama ya jibu lake, mwanafunzi hachoti kutoka akilini. Analinganisha kiambishi na kiambishi. Ile kazi iliyozaa faida katika majaribio ya mwaka 2006 haikufanyika. Maswali ishirini ya namna hii hayamfunzi ufahamu zaidi kuliko swali moja. Yanamzoeza tu kuukwepa ufahamu kwa haraka.

Kuna jambo jingine lililo zito zaidi kwetu sisi wa Kenya. Si wanafunzi wote wanaoziona alama hizi sawasawa. Mtoto aliyelelewa Lamu au Mombasa ameunyonya upatanisho wa ngeli pamoja na maziwa ya mama. Huziona alama bila kuzitafuta. Mtoto wa Mkikuyu au wa Mgusii ana ngeli za lugha yake mwenyewe, nazo humsaidia kiasi. Mtoto aliyekua akisema Kiturkana au Dholuo hana mfumo kama huo nyumbani. Na mtoto wa mitaa ya Nairobi, ambako "kitabu yangu" husikika kila saa, huenda akawa amezoea kutozisikiliza alama hizo kabisa. Maswali yanayovuja yakiwa mbele ya watoto hawa wanne, wa kwanza atapata alama za ufahamu bila kusoma, na wa mwisho, hata akisoma kifungu kwa makini na kukielewa, hatakuwa na msaada huo, na swali kama lile la (6) litampotosha yule anayeijua sarufi zaidi yake. Tutakuwa tumepima makuzi ya mtoto na kuyaita ufahamu.

Kwa miaka mingi, tangu 1985 hadi 2023, wanafunzi wetu walimaliza shule ya msingi kwa mtihani wa KCPE, ambao sehemu yake ya lugha ilikuwa ya maswali ya kuchagua jibu. Watunzi wa mitihani waliobobea walijifunza kwa uzoefu kuuepuka mvujo huu, na yeyote aliyekaa nao anajua jinsi walivyobishana juu ya kiambishi kimoja asubuhi nzima. Maarifa hayo yamo vichwani mwao. Sijaona mahali yalipoandikwa kwa utaratibu ambao ungeweza kufundishwa kwa mwalimu mchanga, sembuse kwa mashine.

Kitendawili kinajua

Wakati nikilifikiria jambo hili nilijikuta nikirudi kwenye kitu ambacho sikukitarajia. Utamaduni wetu una swali la kale lisilo na neno la kuuliza, nalo ni kitendawili. "Nyumba yangu haina mlango." Jibu ni yai. Hebu tuutazame upatanisho. "Yangu" na "haina" vinafuata "nyumba", ya I-ZI. "Yai" ni la LI-YA. Mtega kitendawili amelifunika jibu kwa nomino nyingine, na nomino hiyo ndiyo inayotawala viambishi vyote. Masikio ya mteguaji hayapati alama yoyote ya ngeli ya jibu. Sharti afikiri juu ya umbo la yai. Tumezoea kusema kwamba sitiari katika kitendawili ni pambo au ni mafumbo ya maana. Naona ina kazi ya kisarufi pia: katika lugha yenye upatanisho kama yetu, bila ya nomino ya kufunika kitendawili kingejitegua chenyewe.

Mbinu hiyohiyo yaweza kulitibu swali la (4):

(8) Majirani walikuta sehemu gani ya zizi imevunjwa?

"Imevunjwa" sasa inapatana na "sehemu". Vipotoshi vyaweza kuwa "paa", "ukuta", "nguzo", kila kimoja na ngeli yake, na hakuna hata kimoja kinachosaidiwa wala kudhuriwa. Kwa (2) tumekwisha kupata "chombo gani", na kwa (3) "mnyama gani". Nomino jumla ndiyo ya kufunika: chombo, mnyama, tunda, sehemu, kifaa, ugonjwa, mahali. Kinachohitajika ni orodha ya nomino za Kiswahili iliyopangwa kwa ngazi za maana, yenye kuonyesha pia ngeli ya kila nomino, ili mtunzi, awe mtu au mashine, aijue nomino iliyo juu ya jibu na aupe kitenzi upatanisho wa nomino hiyo. Kazi ya namna hii ni ya idara za lugha. Mhandisi wa kompyuta hawezi kuifanya peke yake, na kwa haki hatupaswi kumlaumu kwa kutoifanya.

Hatuanzi kutoka patupu. Hazina ya KenSwQuAD, iliyotayarishwa na watafiti wa hapa Kenya, ina maswali na majibu 7,526 juu ya matini 1,445 za Kiswahili. Kabla yake, mwaka 2020, hazina ya TyDi QA iliyotolewa na watafiti wa Google ilikiweka Kiswahili miongoni mwa lugha 11, na maswali yake hayakutafsiriwa: waandikaji walioneshwa mwanzo tu wa makala, wakaulizwa wangependa kujua nini zaidi. Tofauti hii ni muhimu kuliko inavyoonekana. Anayeuliza huku jibu liko mbele yake hukopa viambishi vyake kutoka kwenye jibu. Asiyelijua jibu hawezi kuukopa upatanisho wake, maana haujui. Pendekezo langu ni kwamba katika hazina zijazo kila swali liandikiwe ngeli ya jibu lake na ieleze kama ngeli hiyo inaonekana ndani ya swali. Ni kazi ya kuchosha lakini si ngumu, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyefuzu somo la mofolojia aweza kuifanya. Kuhusu maswali yaliyotafsiriwa kutoka Kiingereza nitasema neno moja tu: nimewahi kuona "saa nane asubuhi" ndani yake, na yeyote aliyefundishwa saa za Kiswahili na bibi yake anajua kwamba shughuli hiyo ilifanyika wakati ambao hakuna mtu aliyekuwa macho.

Limebaki swali ambalo kanuni yangu ya mkono haikulitoa, nalo ndilo ambalo ningelitaka zaidi darasani: Kwa nini Bi. Saumu aliuza kinu chake? Kifungu hakisemi. Huenda alihitaji nauli ya jahazi. Lakini mvua ilichelewa, na aliyekulia katika nyumba ya kutwanga atawaza kwamba pasipo nafaka kinu hakina kazi, na kwamba mwanamke hauzi kinu mpaka amekata tamaa ya mavuno. Mifumo ya leo yaweza kuuliza swali kama hili, nimeona ikiuliza. Jibu iliyoliandika katika mwongozo wa kusahihisha lilikuwa moja, "alihitaji pesa za safari", na mwanafunzi ambaye angeandika juu ya nafaka angekosa alama. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamili, kila wiki tulijibu maswali mafupi yaliyotungwa na programu, nayo yalinisaidia kukumbuka mengi niliyoyasoma. Sikumbuki hata mara moja ambapo jibu langu lilibadili mawazo ya aliyeuliza.

Yule mwalimu nilimrudishia karatasi yake baada ya siku mbili. Maswali manne tuliyaacha yalivyokuwa, matatu tukayafunika kwa nomino jumla, na yaliyosalia tukayaondolea majibu ya kuchagua, tukaacha mistari mitupu ya kuandikia. Alilalamika kwamba sasa itamlazimu kuyasahihisha mwenyewe, usiku, akiwa na madarasa matatu.